Sauti ya Nyumbani: Ufunguo na Mwendo wa Wimbo Uliorekodiwa

(Hotuba iliyotolewa Ushongo, wilaya ya Pangani, mbele ya waumini wa hekalu na majirani, katika maadhimisho ya mwaka huu)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya muziki, nasi tumechagua jambo ambalo kwa wiki kadhaa sasa limekuwa likizungumzwa katika mazoezi yetu. Vijana wetu wameuliza: wimbo huu tutakaouimba ni wa ufunguo gani, na mwendo wake ni mapigo mangapi kwa dakika? Swali ni zuri, na aliyeuliza kwa adabu hastahili kujibiwa kwa mkato. Lakini lina uzito kuliko linavyoonekana. Tukilijibu kwa kuifuata sahani ya santuri neno kwa neno na sauti kwa sauti, akina mama waliotufundisha bhajani tangu tukiwa watoto hawatazifikia sauti za juu, nao watakaa kimya katika sikukuu yao wenyewe. Kwa hiyo leo tunataka kutazama pamoja: ufunguo wa wimbo uliorekodiwa ni kitu gani, unatoka wapi, na una haki gani ya kutuamuru.

Wimbo wenyewe mnaufahamu. Ni "Man Tarpat Hari Darshan Ko Aaj", kutoka katika filamu ya Baiju Bawra ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Vijay Bhatt. Muziki wake uliundwa na Naushad Ali, maneno yakaandikwa na Shakeel Badayuni, na sauti ni ya Mohammed Rafi. Wote watatu walikuwa Waislamu, na kazi ya mikono yao ni miongoni mwa bhajani zinazopendwa zaidi katika mahekalu ya Kihindu popote duniani. Tunalitaja hili mbele ya majirani zetu kwa sababu ndivyo mambo yalivyokuwa, na kwa sababu katika pwani hii ya Tanga jambo kama hilo halimshangazi mtu.

Tuanze na mashine, kwa kuwa ndiyo iliyotuletea wimbo.

Mwaka 1928, Siti binti Saad, mfinyanzi mzaliwa wa Fumba huko Unguja aliyegeuka kuwa mwimbaji mashuhuri, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, akarekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Habari za maisha yake tumeachiwa na mwana wa Tanga hii hii, Shaaban Robert, katika kitabu chake cha Wasifu wa Siti binti Saad. Hivyo santuri za kwanza za taarabu ya Kiswahili zilipatikana katika mji ule ule ambao baadaye ulitupatia nyimbo za filamu. Njia ya muziki kati ya pwani yetu na Bara Hindi ilikwisha kufunguliwa miaka ishirini na minne kabla ya Baiju Bawra.

Santuri za zama zile zilikusudiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika. Hapa ndipo fundisho la kwanza lilipo. Katika santuri, ufunguo na mwendo ni ndugu wa tumbo moja: huwezi kumgusa mmoja usimguse mwingine. Sahani ikizunguka kwa kasi zaidi, wimbo huharakika na sauti hupanda. Ikizunguka taratibu, wimbo hulegea na sauti hushuka. Kila aliyewahi kusikiliza kanda katika redio ambayo betri zake zimechoka anajua jambo hili bila kufundishwa. Mwimbaji wa kike huanza kuwa kama mwanamume, na ngoma hutembea kama mtu aliyeshiba ubwabwa.

Hesabu yake si ngumu. Nusu toni moja, yaani hatua kutoka kibao kimoja cha harmoniamu hadi kibao kinachokifuatia, cheupe au cheusi, ni tofauti ya karibu asilimia sita katika kasi ya mtetemo. Basi wimbo wa mapigo 90 kwa dakika uliorekodiwa kwa mizunguko 78, ukichezwa kwa mizunguko 80, utakuwa na mapigo 92 na ushei, na sauti yake itapanda kwa kiasi kidogo chini ya nusu ya nusu toni. Ukitaka kuupandisha kwa nusu toni kamili, mashine lazima izunguke karibu mara 83, na mapigo yafike 95.

Sasa fikirini mpigaji wa harmoniamu anayejaribu kuufuata wimbo uliopanda kwa nusu ya nusu toni. Anabonyeza kibao hiki, kiko chini; anabonyeza cha pili, kiko juu. Wimbo umeangukia katikati ya vibao viwili, mahali ambapo chombo chake hakina mlango. Atasema wimbo huu hauna ufunguo. Ufunguo upo, ila mashine imeusogeza. Isitoshe, hata kipimo cha kutunia vyombo hakikuwa kimoja. Makubaliano ya kwamba sauti ya A iwe mitetemo 440 kwa sekunde yalifikiwa katika mkutano wa London mwaka 1939, na baada ya vita yakathibitishwa kimataifa. Santuri za Siti zilitangulia makubaliano hayo kwa miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo anayesema, "Simu yangu inaonyesha wimbo huu uko kwenye sauti fulani," amesema kweli juu ya nakala iliyo mkononi mwake. Hajasema bado juu ya kilichoimbwa mbele ya kinasa sauti siku ile, wala juu ya kilichoimbwa na watu kwa namna nyingine kabla na baada yake.

Fundisho la pili linahusu nyumba ya wimbo.

Vijana wetu walikichezea simu kipande cha wimbo huu, nayo ikajibu kwamba ni wimbo wa meja. Wazee wetu waliposikia wakatikisa vichwa. Wengine walidhani huu ni ugomvi wa kizazi na kizazi. Tukiutazama kwa makini tutaona kwamba wazee walikuwa na hoja ya kimuziki, tena hoja nzito.

Wimbo huu umejengwa juu ya raga ya Malkauns. Raga hii ina sauti tano tu: Sa, Ga iliyoshushwa, Ma, Dha iliyoshushwa na Ni iliyoshushwa. Re haimo. Pa nayo haimo, ingawa ndiyo sauti ambayo katika raga nyingi husimama kama nguzo ya pili ya nyumba. Kwa sababu hiyo tanpura, ambayo kwa kawaida huwa na waya mmoja uliotuniwa Pa, katika Malkauns waya huo hutuniwa Ma. Ni raga ya usiku mkubwa, na mtu akiisikiliza kwa utulivu huelewa kwa nini: ina uzito, ina kina, na haina haraka ya kufika popote.

Tuchukue mfano kwamba Sa tumeiweka kwenye C. Sauti tano za Malkauns zitakuwa C, E-flati, F, A-flati na B-flati. Sasa zipangeni sauti hizo hizo kuanzia A-flati: A-flati, B-flati, C, E-flati, F. Hapo mmepata ngazi ya sauti tano ya A-flati meja, ngazi ya furaha inayoimbwa na watoto katika nchi nyingi. Zipangeni kuanzia F, mmepata ngazi ya sauti tano ya F maina. Sauti ni zile zile tano; kilichobadilika ni nyumba.

Simu imefundishwa kuhesabu sauti zinazosikika mara nyingi na kuzitafutia jina miongoni mwa meja na maina. Ilizihesabu sawasawa. Lakini kuhesabu watu waliomo barazani si kujua mwenye nyumba ni nani. Mwenye nyumba hujulikana kwa namna nyingine: ni sauti ambayo waya wa tanpura hauiachi tangu mwanzo hadi mwisho, ni sauti ambayo kila kifungu, hata kikipanda na kuzunguka namna gani, hurudi kuipumzikia. Mzee anayetikisa kichwa ameisikia sauti hiyo ikimwita. Simu haikuisikia.

Watu wa Ushongo watatuelewa tukisema hivi. Mvuvi hawezi kukwambia kina cha maji mbele ya kisiwa cha Maziwe bila kwanza kuuliza maji yako wapi, yamejaa au yamekupwa. Mchanga ule ule ambao asubuhi watu wametembea juu yake, bahari ikijaa huwezi kuuona. Namba ya kina bila hali ya maji haimfai nahodha. Na jina la sauti bila Sa yake halimfai mwimbaji.

Fundisho la tatu ni mwendo.

Wimbo wetu huanza bila mapigo. Sauti ya mwimbaji huelea peke yake, ikiitafuta raga hatua kwa hatua, na mahali hapo hakuna kipimo cha dakika kinachoweza kutumika, kama ambavyo huwezi kuhesabu hatua za mtu aliyesimama akitazama bahari. Kisha tabla huingia, na wimbo hushika tala ya Tintal. Tintal ina mapigo 16, yaliyogawanywa katika mafungu manne ya mapigo manne manne. Kofi hupigwa katika pigo la 1, la 5 na la 13. Katika pigo la 9 mkono hufunguliwa hewani bila kofi, na mkono huo mtupu ndio unaowaambia waimbaji kwamba nusu ya duara imekwisha.

Hapa pia mashine hutofautiana na mkono. Programu moja inaweza kuuandikia wimbo mapigo 80 kwa dakika na nyingine ikauandikia 160, na zote mbili ziwe zimehesabu vizuri. Moja imefuata kofi, nyingine imefuata vidole vya mpiga tabla vinavyojaza kati ya kofi na kofi. Mkihitilafiana juu ya mwendo, tazameni kwanza kama hamkuhesabu kitu kimoja kwa majina mawili.

Tena kuna jambo la nafasi. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulichukua takriban dakika tatu. Ndani ya dakika hizo mwimbaji alipaswa kuanza, kueleza, kupanda na kumaliza. Taarabu iliyokesha hadi alfajiri, au bhajani iliyoimbwa mpaka taa ziishe mafuta, iliingizwa katika dakika tatu. Beti zilipunguzwa, na marudio yalikatwa. Tukiuchukua urefu na mwendo wa sahani kuwa ndio sheria ya wimbo, tutakuwa tumeichukua mipaka ya sahani tukaiita mapenzi ya mtunzi.

Majirani zetu wameuliza: je, tuni ya Kihindi ikivikwa maneno ya Kiswahili, mwendo wake hubaki? Hili pwani yetu ina ujuzi nalo wa miaka mingi. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika lahani za filamu za Kihindi, na watu walijaa kumsikiliza. Kilichotokea katika kazi ya namna hiyo kinafahamika kwa mtu yeyote anayejua ushairi wetu. Mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Tintal nayo ina mapigo 16. Hatusemi kwamba hesabu hizi zina asili moja; tunasema tu kwamba mstari huingia katika duara kama mkono katika mfuko wa kanzu. Lakini Kiswahili kina desturi zake. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mwimbaji ana mahali pengi pa kuvuta sauti. Na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno hutaka kupumzika mahali ambapo pengine neno la Kihindi halikupumzika. Ukiulazimisha mwendo wa asili, maneno hubanwa mpaka msikilizaji asielewe. Ukiulegeza kidogo, shairi hupumua. Wapigaji wenye busara huulegeza.

Na hapa Tanga, vyama kama Black Star na Lucky Star vilionyesha njia nyingine. Vilichukua gitaa la umeme mahali ambapo Unguja ilitumia udi na fidla nyingi, vikaimba kwa kundi dogo na mwendo unaochezeka. Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani yetu hii, aliyefariki mwaka 2016, aliimba na Black Star, na wimbo wake wa "Macho Yanacheka" unaimbwa hata na watu wasiojua alizaliwa wapi. Waulizeni akina mama walio hapa wauimbe. Kila mmoja atauanza katika sauti yake mwenyewe, na hakuna atakayesema kwamba mwenzake amekosea wimbo.

Hapo ndipo tunapofikia neno letu.

Katika desturi ya muziki wa Kihindi, Sa haina kiti cha kudumu. Sa ni pale sauti ya mwimbaji inapokaa vizuri. Waimbaji wanaume wengi huiweka karibu na C au juu yake kidogo. Wanawake wengi huiweka karibu na G au A. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo haijawahi kuhesabiwa kuwa kosa. Rafi aliimba katika Sa iliyoifaa sauti ya Rafi. Hakuwawekea akina mama wa Tanga na Pangani masharti.

Chombo kilichotuzoesha kudhani kwamba sauti zimepigiliwa misumari ni harmoniamu, nasi tunakipenda chombo hicho na hatutakiacha. Lakini tukumbuke kwamba kilitoka Ulaya katika karne ya kumi na tisa, na kwamba redio ya taifa ya India ilikipiga marufuku kuanzia mwaka 1940 hadi 1971, kwa hoja kwamba vibao vyake haviwezi kuteleza kutoka sauti hadi sauti kama koo la mwanadamu linavyoteleza. Marufuku iliondoka, harmoniamu ikarudi. Hoja yenyewe haikufa: koo ndilo lililotangulia, chombo kikafuata.

Kwa hiyo kikundi chetu kimekubaliana hivi. Tutauimba wimbo huu Sa ikiwa kwenye G, mahali ambapo akina mama wetu hufika juu bila kukaza shingo na kushuka chini bila kupoteza sauti. Wanaume wataimba oktava moja chini, na vifungu vinavyoshuka chini ya Sa watawaachia akina mama. Mwanzo usio na mapigo ataufungua mkubwa wa akina mama, peke yake, kwa muda anaoutaka yeye. Tabla itasubiri. Mwendo utatoka katika kofi la mkono wake, na simu zitabaki mifukoni. Baada ya hapo majirani zetu wataingiza ubeti wao wa Kiswahili, na hapo mpiga tabla atalegeza kidogo ili maneno yasikike.

Limebaki ombi moja. Katika nyumba zetu, Tanga, Pangani na hata hapa Ushongo, zimo santuri na kanda zilizowekwa juu ya makabati tangu enzi za majumba ya sinema. Hewa ya chumvi na joto haziziachi. Santuri huota ukungu, kanda hunata na kukatika. Kila mwaka unaopita tunapoteza nyimbo ambazo pengine hazina nakala nyingine. Tunaomba zisitupwe. Zileteni, nasi tutazihamishia kwenye kompyuta na kuwarudishia wenyewe mali yao.

Vijana watakaoifanya kazi hiyo wasikilize. Santuri kwanza isafishwe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea nje kwa kuufuata mzunguko, wala isiguswe na spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha sahani za lakiri za zamani. Kasi ya mashine ipimwe kabla ya kurekodi. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Basi ukikata duara la karatasi, ukalichora mistari 77 iliyopishana sawasawa pembezoni, ukaliweka juu ya sahani inayozunguka chini ya taa ya zamani ya umeme, mistari itaonekana imesimama kasi inapokuwa mizunguko 78 pungufu ya chembe. Mistari ikitembea mbele, mashine ina haraka. Ikirudi nyuma, mashine inachelewa. Karatasi na taa tu zinatosha.

Mkimaliza kurekodi, msiandike ufunguo kwa kuiuliza simu. Mwiteni mzee anayeujua wimbo, mumchezee, mumwombe aiimbe Sa. Rekodini sauti yake akiiimba, kisha iandikeni. Wazee wanaoweza kuifanya kazi hiyo bado tunao, nao wameketi hapa mbele yetu jioni hii. Mazoezi ya kikundi ni kila Jumapili baada ya arati. Kazi ya santuri itaanza Jumapili ijayo, na mlango uko wazi kwa majirani wote.